Presha kuka ya umeme: anza na maji, kisha maharage

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu presha kuka ya umeme ni hili: "Hivi haiwezi kulipuka?" La pili: "Mbona nimeweka dakika 30 na hazisogei?" La tatu huja baada ya wiki kadhaa, kwa sauti ya chini: "Ninayo, ila bado iko kwenye boksi." Nimewajibu majirani, nimewajibu mawifi zangu na akina mama wa kikoba chetu, mpaka nikaona heri niyaandike yote mara moja.

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, ukiwa na lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, tumehimizwa sana kuachana na mkaa. Himizo ni jema. Lakini mtu akishanunua chombo anabaki na kijitabu cha lugha ya kigeni, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kufunga mfuniko. Basi tuanzie hapo hapo kwenye mfuniko.

Vipimo ninavyotaja ni vya presha kuka ya lita 6 ya wati 1000, kama yangu. Ya lita 3 hufuata kanuni zile zile. Punguza chakula na maji, muda uache kama ulivyo.

Andaa hivi kwanza

- Soketi ya ukutani isiyolegea. Inapopasha, presha kuka ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 4 mfululizo. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itapata moto na kuyeyuka, hasa kama friji nayo imechomekwa hapo hapo.
- Meza tambarare, mbali na ukingo na mbali na mikono ya watoto. Juu yake pasiwe na pazia wala kabati la mbao, maana mvuke unapanda wima.
- Kikombe kimoja cha kupimia, kiwe kile kile kila siku. Changu ni cha mililita 250.
- Mwiko wa mbao. Kijiko cha chuma kinakwangua sufuria ya ndani.
- Kitambaa kikavu.
- Uniti moja ya Luku. Itatosha na itabaki.

Vidude vinne vya kuvijua kwa jina

Ukigeuza mfuniko utaona mpira mweupe unaozunguka ukingoni. Huo ndio unaozuia mvuke kutoroka. Katikati au pembeni kuna valvu ya mvuke, ile inayozungushwa au kubonyezwa kuchagua kati ya kufunga na kutoa. Karibu nayo kuna pini ndogo ya chuma inayocheza juu na chini ukiisukuma kwa kidole. Cha nne ni sufuria ya ndani, inayotoka nzima kwa kuoshwa.

Pini ndiyo ya kuitazama siku zote. Ikiwa juu, ndani kuna presha na mfuniko umejifunga. Ikiwa chini, presha imeisha. Mwenye hofu ya mlipuko aishike hiyo: chombo kizima hakitakuruhusu kufungua pini ikiwa juu, na presha ikizidi, valvu huinuka yenyewe na kuitoa. Ajali nyingi zinatokana na mtu kulazimisha mfuniko kwa nguvu, au kufunika valvu kwa kitambaa ili isipige kelele. Hayo mawili usiyafanye kamwe.

Zoezi la kwanza: pika maji

Usianze na nyama ya sikukuu. Anza na maji matupu, dakika 20 tu zinatosha, na hofu yote itakuwa imekwisha.

1. Toa kila kitu ndani, hata vile vikaratasi na vipimo vilivyofichwa chini ya sufuria. Osha sufuria ya ndani, mpira na mfuniko. Ule mwili wenye waya hauoshwi; ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

2. Kausha sehemu ya nje ya sufuria ya ndani, hasa kitako chake. Angalia pia sahani ya moto iliyo chini kama kuna punje ya mchele au karatasi. Punje moja tu inaweza kuinua sufuria, joto lisifike sawasawa.

3. Rudisha sufuria ya ndani KABLA ya kumimina chochote. Mdogo wangu alimwaga kikombe kizima cha maji moja kwa moja kwenye mwili wa chombo, siku ya kwanza, akidhani sufuria iko ndani kumbe iko kwenye beseni inakauka. Hakikuwaka tena. Ikikutokea na waya umechomekwa, zima swichi ya ukutani kwanza, kisha mpelekee fundi. Usijaribu kuwasha uone kama kimepona.

4. Mimina vikombe 3 vya maji. Bonyeza mpira uone umekaa kwenye reli yake mzunguko mzima. Funika, zungusha mfuniko mpaka usikie mlio wa kufunga, kisha weka valvu upande wa kufunga.

5. Chagua presha kubwa, dakika 5. Sasa subiri, na hapa ndipo wengi wanapodhani imeharibika: dakika hazitaanza kuhesabiwa. Kwanza inapasha maji, mvuke unajaa, pini inapanda. Kwa maji kidogo hivi ni kama dakika 6 hadi 8. Sufuria ikijaa maharage huweza kufika 15 au zaidi. Utaona kamvuke kembamba kakitoka pembeni mwa pini, kisha utasikia "tik" na pini iko juu. Kuanzia hapo dakika zako 5 zinaanza kushuka.

6. Zikiisha, geuza valvu upande wa kutoa kwa ncha ya mwiko, mkono na uso vikiwa pembeni, si juu yake. Itatoa mlio mkali kama filimbi. Ni kawaida. Pini ikianguka, fungua mfuniko ukiuinamisha kwa mbele, yaani ukingo ulio karibu nawe ubaki chini na ule wa mbali uinuke, mvuke uliobaki utokee upande wa pili.

Umemaliza. Mwaga maji, sasa tupike.

Maharage, hatua kwa hatua

Nasisitiza maharage kwa sababu ndiyo yanayokula mkaa kuliko chakula kingine cha kila siku, na ndipo presha kuka inapojilipia. Anayeanza na wali akaona umetoka bokoboko hurudisha chombo kwenye boksi. Anayeanza na maharage harudi nyuma.

1. Chagua nusu kilo, toa mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji ya kulowekea. Kama umesahau kuloweka bado utapika, ila muda utaongezeka mara mbili.

2. Weka maharage na vikombe 5 vya maji safi. Yasiyolowekwa, vikombe 7. Hakikisha kila kitu kwa pamoja hakivuki NUSU ya sufuria. Ndani kuna alama mbili: ya juu ni kwa nyama na mboga, ambavyo havivuki theluthi mbili. Maharage, kunde, mahindi na mchele huvimba na kutoa povu, hivyo mwisho wake ni nusu.

3. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta. Hayo hupunguza povu lisiende kuziba valvu. Magadi weka kando kabisa: yanaongeza povu, na kwa presha hii maharage hayahitaji msaada, yatarojeka.

4. Chumvi unaweza kuweka sasa. Nyanya, ndimu na ukwaju subiri. Uchachu hufanya maharage yagome kuiva. Tui la nazi nalo subiri.

5. Funga, valvu upande wa kufunga, presha kubwa: dakika 20 kwa yaliyolowekwa, 40 kwa yasiyolowekwa. Maharage ya msimu uliopita, yale yaliyokaa gunia mpaka yamepoteza mng'ao, ongeza 10.

6. Ondoka. Nenda kafue, kamsaidie mtoto kazi za shule. Kwa mkaa ulikuwa unarudi kila baada ya muda kuongeza maji na kupepea. Hapa hakuna cha kuongeza, na huwezi kufunika-funua uone yamefikia wapi. Kazi yako iko mwanzoni na mwishoni tu.

7. Ikilia kwamba imemaliza, usiguse valvu. Acha dakika 15 presha ishuke yenyewe. Ndani maharage bado yanachemka. Ukitoa mvuke ghafla, povu litarushwa kupitia valvu mpaka kwenye ukuta, na maharage yenyewe yatapasuka maganda.

8. Baada ya hapo geuza valvu kidogo kidogo. Likianza kutoka povu badala ya mvuke, funga, subiri dakika tatu, jaribu tena.

9. Fungua, chukua harage moja ulibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Lililoiva linakubali mara moja, ganda linateleza upande na ndani ni laini mpaka katikati, kama siagi iliyokaa mezani. Likiwa na kiini kigumu cha unga, rudisha mfuniko, dakika 8 nyingine.

10. Kuunga: hamishia maharage na mchuzi wake kwenye bakuli. Washa kitufe cha kukaangia, mfuniko ukiwa wazi. Mafuta, kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kitunguu saumu, nyanya mpaka zitoe mafuta. Rudisha maharage, kwangua kitako kwa mwiko wa mbao, mwishoni mimina tui zito na liache lichemke mara moja tu huku ukikoroga.

Onyo moja kubwa hapa. Presha kuka nyingi zina kitufe cha kupika polepole kwa saa nyingi kwa moto mdogo. Usikitumie kwa maharage mekundu mabichi. Yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemshwa hasa. Moto mdogo hauiui, na mtu huishia kutapika na kuharisha.

Vyakula vingine, muda wake

Hesabu dakika tangu pini ipande.

- Nyama ya ng'ombe vipande vya kawaida: 25 hadi 30. Maji kikombe kimoja tu, nyama itatoa yake.
- Kongoro: 60. Utumbo: 35.
- Kuku wa kienyeji: 25 kwa tetea mdogo, 40 kwa jogoo aliyezeeka. Kuku wa kisasa: 10, ukizidisha atabaki mifupa.
- Makande, mahindi ya kukoboa na maharage vilivyolowekwa pamoja: 45.
- Kunde au choroko bila kuloweka: 20 hadi 25.
- Ndizi za kupika juu ya nyama iliyokwisha kuiva: 8.
- Viazi mviringo vilivyokatwa mara mbili: 7.

Ukiwa Arusha, Iringa, Mbeya, Njombe au Nairobi, ongeza dakika moja na nusu hadi mbili kwa kila 10. Kadiri unavyopanda milima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, ndiyo maana maharage ya Mbeya hukawia hata kwenye kuni. Presha inasaidia sana huko, lakini haifuti tofauti yote.

Wali una tabia yake. Vikombe 3 vya mchele uliooshwa na kuchujwa vizuri, vikombe 3 na nusu vya maji. Hilo ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu kwenye sufuria ya wazi tumezoea maji mengi zaidi. Hapa hakuna yanayopotea hewani. Presha kubwa dakika 6, acha 10 ishuke yenyewe, kisha toa mvuke uliobaki. Kwa wali wa nazi, pikia tui jepesi, halafu mimina tui zito ukishafungua, geuza kwa upole na ufunike dakika 5 kwenye kitufe cha kutunza joto. Tui zito likiwekwa tangu mwanzo linashika chini na kuungua. Ukoko mzuri hautaupata humu, na anayeupenda aendelee kupika wali wake kwenye sufuria na kupalia makaa juu.

Ugali pia sishauri. Unaweza kuusonga mfuniko ukiwa wazi, lakini sufuria ya ndani inazunguka na mwiko, na mkono mwingine utakuwa unashika chombo cha moto. Na chipsi, mandazi, samaki wa kukaanga, yaani chochote cha mafuta mengi, usikifungie mfuniko hata siku moja. Mafuta yenye presha ni hatari ya kweli.

Umeme ukikatika katikati

Usifungue. Chombo kina kuta mbili, kinashika joto muda mrefu, na maharage yaliyobakiza dakika 10 mara nyingi hujimalizia yenyewe. Angalia pini: maadamu iko juu, chakula kinaendelea kuiva. Umeme ukirudi, nyingine huendelea zilipoachia, nyingine hukaa kimya zikisubiri uzianzishe upya, kwa hiyo nenda kaangalie. Kama nyama ilikuwa haijaiva na pini imeshashuka, ihamishie kwenye jiko lingine. Usiiache humo vuguvugu kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kitufe cha kuchelewesha kuanza kwa nyama mbichi, hasa kwa joto la Pwani.

Kuhusu uniti, usinitegemee mimi. Soma mita kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, huku umezima vitu vingine. Kwangu nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa hula kama theluthi ya uniti. Watu huogopa ile namba 1000 iliyoandikwa kwenye boksi, lakini inavuta wati hizo inapopasha tu. Presha ikishajaa, inawaka na kuzima yenyewe.

Usafi

Kila baada ya kupika, vua mpira na uoshe kwa sabuni. Sukuma pini juu na chini chini ya bomba. Ng'oa valvu, tazama tundu lake kwenye mwanga, zibua kwa kijiti cha meno. Mwaga maji yaliyojikusanya kwenye kile kikopo cha nyuma, wengi hata hawajui kipo. Hifadhi mfuniko ukiwa umepinduliwa juu ya chombo, usiufunge, la sivyo ndani patavunda.

Ikisumbua

Mvuke unatoka pembeni, pini haipandi. Mpira haujakaa, au umekaa na kipande cha kitunguu kimenasa. Zima, subiri ipoe, vua, futa, rudisha. Mpira uliolegea au wenye nyufa haurekebishwi, nunua mwingine unaolingana na aina ya chombo chako.

Mvuke unatoka kwenye valvu muda wote. Valvu imebaki upande wa kutoa. Hili ndilo kosa la kwanza kuangalia siku zote.

Hakuna mvuke popote, pini haipandi, kinachemka tu. Maji ni machache mno. Chini ya kikombe kimoja hakitengenezi presha.

Skrini inaonyesha onyo la kuungua. Kuna kitu kimeshika kitako, mara nyingi nyanya ya kopo au vitunguu ulivyokaanga bila kukwangua. Zima, toa mvuke, fungua, ongeza nusu kikombe cha maji, kwangua. Safari nyingine weka nyanya juu ya chakula bila kuikoroga.

Pini haishuki ingawa mvuke umeisha. Iguse kwa ncha ya mwiko. Ikianguka bila mlio wa mvuke, ilikuwa imenata na uchafu. Ikitoa mvuke, subiri zaidi.

Haiwaki kabisa. Jaribu soketi nyingine, kisha angalia fyuzi ya plagi, inapaswa kuwa ya ampea 13. Ikiwa waya una harufu ya kuungua, usijaribu tena.

Mchuzi umekuwa maji matupu. Fungua, washa kitufe cha kukaangia, uache uchemke dakika 10 bila mfuniko.

Mpira unanuka pilau hata baada ya kuoshwa. Uanike juani siku nzima. Mimi ninayo miwili: mmoja wa vyakula vya viungo, mwingine wa wali na viazi vya mtoto, na huo wa pili nimeutia alama ya uzi mwekundu pale ninapoutundika ukutani.